Kutyuni Kompyuta ya Injini ya Gari Yako Mwenyewe: Mwongozo Kamili wa Kuanzia

Mwaka wa kwanza wa kuimiliki Subaru Forester yangu ya tabo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kilima cha kutoka bandarini Mkoani, hapa Pemba, ilikuwa ikikipanda kama imevuta tela la mawe. Nikikanyaga mafuta, tabo naisikia ikivuma, nguvu haziji. Siku nikijaza watu, ulitoka mlio mdogo ndani ya injini, kama mbaazi kavu zinazotikiswa kwenye kopo. Mafundi wawili walinishauri niifungue injini. Sikuwa na fedha za kufungua injini. Nikaagiza kifaa cha kusomea, nikakichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, na usiku ule nje ya nyumba yetu Wete nikaiona injini ikijieleza yenyewe kwa namba.

Nayaandika haya kwa mtu aliye pale nilipokuwa siku ile: ana gari yake, anajua kubadilisha plagi na kupima betri, ana laptopu ya kawaida, na anataka kuigusa kompyuta ya injini bila kuiua gari. Msimamo wangu nautanguliza. Sehemu tisa za kazi hii ni kusoma, sehemu moja ndiyo kuandika. Na badiliko la maana kuliko yote niliyowahi kuifanyia Forester ile lilikuwa la kupunguza. Nitafika hapo.

Kompyuta inaamua nini

Ukiacha mambo madogo madogo, kompyuta ya injini inaamua mawili kila zamu ya silinda inapofika: nozeli ikae wazi muda gani, na plagi ipige moto nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Nozeli hukaa wazi kwa milisekunde chache tu. Moto una haraka zaidi: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, katika sekunde moja zinapita nyuzi 18,000. Hakuna fundi wa kupanga hayo kwa sikio, kwa hiyo yameandikwa kwenye ramani.

Ramani ni jedwali, kama ratiba ya skuli. Upande mmoja kuna mizunguko ya injini, upande wa pili kuna mzigo, yaani hewa kiasi gani inaingia. Kila chumba cha jedwali kina namba yake. Ukitembea taratibu kutoka Chake kwenda Gombani, injini inasoma vyumba vya mzigo mdogo. Ukipanda kilima na watu watano ndani, inahamia vyumba vyengine kabisa. Kutyuni ni kubadilisha namba za vyumba hivyo. Kabla ya hapo, ni kujua chumba kipi ndicho kibovu.

Petroli ikiungua sawasawa inataka hewa gramu 14.7 kwa kila gramu 1 ya mafuta. Katika mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huionja hewa iliyoungua, na kompyuta husahihisha mafuta papo hapo. Ukikanyaga sana, kompyuta nyingi huacha kuisikiliza sensa ile na kuifuata ramani kwa macho yaliyofumbwa, zikitia mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile, yaani mchanganyiko mzito, ili kupoza: hewa kama gramu 12.5 hadi 13 kwa gramu 1 ya mafuta kwa injini isiyo na tabo, na karibu 11 hadi 11.8 kwa yenye tabo. Hapo ndipo ramani mbovu inapoua pistoni, maana hakuna tena anayesahihisha.

Sasa fikiri ramani hizi zimeandikiwa wapi. Subaru za tabo za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya kwao, ambayo hutoka pampuni na oktani ya karibu 98 hadi 100. Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo na joto bila kujiwasha yenyewe kabla ya wakati. Petroli tunayotia Pemba si ile, na joto letu la kaskazi si la Hokkaido. Injini inayojiwasha kabla ya wakati ndiyo inayotoa ule mlio wa mbaazi, na ukiuachia, siku moja utaambiwa injini imenoki.

Gari yako iko fungu gani

Kabla ya kununua chochote, jua kompyuta yako inaruhusu nini.

Ukiwa na Corolla au Carina ya miaka ya 1990, huhitaji hata skana. Fungua boneti, tafuta kisanduku kidogo chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu. Chini ya mfuniko yameandikwa majina. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Ikipepesa bila kukatika kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 41 ni sensa ya throto, yaani mlango wa hewa. 52 ni sensa ya kugonga, inayousikiliza ule mlio wa mbaazi. Angalia tu usikosee tundu, kwani mengine humo yana umeme wa betri. Kompyuta za fungu hili hazikutengenezwa ziandikwe upya. Anayetaka kutyuni atalazimika kuibadilisha kompyuta yenyewe, na nitaligusa hilo mwishoni.

Fungu la pili ndilo kubwa kwetu: Ist, Vitz, Spacio, Noah na ndugu zao. Zina soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi na zinasomeka, ingawa gari za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 huwa na lugha yake, na kifaa cha bei ndogo cha simu kinaweza kuchomekwa kisiseme neno. Kuandika ndani yake hakuna njia rahisi ya bure kwa mtu wa kawaida. Na injini ya Ist nyingi, 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497 bila tabo, haina nguvu nyingi iliyofichwa. Ukiisoma vizuri na kuirudisha kwenye afya yake, umeshapata karibu yote iliyonayo.

La tatu ni Subaru za tabo. Hapa mlango uko wazi. Kuna programu mbili za bure, RomRaider ya kusoma na kuhariri, na EcuFlash ya kutoa faili na kulirudisha, na kuna kifaa kinachoitwa OpenPort 2.0 cha Tactrix kinachounganisha laptopu na gari. Kwa sababu hii mifano yangu mingi ni ya Forester.

Mwenye dizeli ya kisasa naomba asubiri. Hiyo ni kazi nyengine.

Kwanza ethi, hewa na moto

Namba za kwanza nilizoziona usiku ule zilikuwa zinarukaruka, na sikuzielewa. Asubuhi nikaipeleka gari kwa fundi mmoja mzee wa umeme. Nikamwamkia, nikamwonesha laptopu. Hakuitazama. Alichukua multimita, akaweka mguu mmoja kwenye ncha ya hasi ya betri na wa pili kwenye bloki ya injini, akaniambia niwashe gari na taa zote. Mita ikasoma volti 0.6.

“Mwanangu,” akasema, “huyu hana maradhi ya kompyuta. Huyu ana kiu ya ethi.”

Volti zile zilitakiwa ziwe chini ya 0.1. Waya wa ethi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, kwa nje ulikuwa mzima, lakini nilipoukunja karibu na kichwa chake, ganda likapasuka na ndani mukatoka unga wa kijani. Hii ndiyo hewa ya chumvi tunayokaa nayo. Sensa nyingi hujieleza kwa volti kati ya 0 na 5. Ikiwa ethi inaiba sehemu ya volti, kompyuta inaamini uongo na kuufanyia kazi kwa uaminifu. Tuliweka waya mpya mnene, tukapiga msasa chuma mpaka kikang'aa, tukapaka grisi juu yake. Namba zikatulia siku ile ile.

Kwa hiyo fanya kipimo kile kabla ya jengine lolote, halafu kirudie kati ya hasi ya betri na bodi ya gari. Injini ikiwa inafanya kazi, betri isome volti 13.5 hadi 14.5. Toa plagi uzitazame: rangi ya kahawia nyepesi ni njema, nyeupe kama chokaa ni dalili ya moto mkali, nyeusi ya masizi ni mafuta mengi. Gari ikiwa na misi, yaani silinda moja haipigi sawasawa, hamisha koili ya silinda moja kwenda nyengine uone kama misi inahama nayo. Kagua eya klina. Safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, na usiuguse uzi wake kwa kidole wala pamba, ni mwembamba mno. Mwisho banabana mipira ya vakyumu mmoja mmoja gari ikiwa kwenye sailensa, yaani inawaka imesimama bila kukanyagwa mafuta. Ukibana mmoja na sauti ikabadilika, umepata mpasuko.

Ukiona masega (kile kisafisha moshi) yameshatolewa kwenye ekzosi na sensa ya oksijeni imechomolewa ikaachwa inaning'inia, rudisha sensa kwanza. Injini isiyoonja ekzosi yake haiwezi kutyuniwa kwa njia ninayoieleza hapa.

Vifaa

Kwa kusoma gari ya kawaida, kifaa cha ELM327 cha Bluetooth na simu vinatosha kuanzia. Nyingi zinazouzwa ni nakala, na zile zilizoandikwa v2.1 mara nyingi hazina amri zote, basi muombe muuzaji akijaribu kwenye gari yako kabla hujalipa. Kikichomekwa kisiwake taa, pima soketi: tundu la 16 liwe na umeme wa betri, la 4 na la 5 ni ethi. Mara nyingi ni fyuzi tu.

Kwa Subaru, OpenPort 2.0 na laptopu yenye betri nzima. Nasema betri nzima kwa sababu nitakayoitaja. Utahitaji pia chaja ya betri ya gari na, kabla ya kugusa ramani za mzigo mkubwa, geji ya uwiano wa hewa na mafuta yenye sensa ya upana kama Bosch LSU 4.9, inayochomelewa kwenye bomba la ekzosi. Sensa ya kawaida ya oksijeni inajua kusema mazito au mepesi tu, ikirukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9. Haiwezi kukwambia kama uko 12 au 13, na tofauti hiyo ndiyo uhai wa pistoni yako.

Na daftari. Tarehe, joto la siku, petroli ya kituo gani, umebadilisha nini.

Kusoma

Wiki mbili za mwanzo usibadilishe kitu. Endesha kama kawaida, rekodi, soma usiku.

Anza na sailensa, injini ikiwa imeshapata moto. Joto la maji litulie kati ya nyuzi 80 na 95. Kwa Ist yenye 1NZ-FE, mizunguko iwe karibu 650 hadi 750 na hewa inayoingia karibu gramu 2 kwa sekunde. Ukiona maji hayapandi juu ya 70 hata baada ya kutoka Wete hadi Chake, kuna mtu ametoa themostati, tabia iliyoenea sana kwetu. Kompyuta itaidhania injini bado ya baridi na kuendelea kumwaga mafuta. Rudisha themostati na utaliona tanki likidumu.

Kisha tazama masahihisho ya mafuta. Yako mawili: la muda mfupi, linalorukaruka kila sekunde, na la muda mrefu, ambalo kompyuta imelihifadhi kwa kujifunza. Yote ni asilimia. Jumla yake ikiwa ndani ya 10 juu au chini ya sifuri, injini iko salama. Ikipita hapo, tazama inapita wakati gani, maana wakati ndio unaotaja ugonjwa. Ikiwa juu kwenye sailensa na kurudi sifuri unapoongeza mafuta, kuna hewa ya wizi inapita kwenye mpira au gasketi ya manifodi. Ikiwa sawa kwenye sailensa na kupanda unapokanyaga, shuku pampu ya mafuta, kichujio chake, au sensa ya hewa iliyochafuka. Ikiwa chini ya sifuri kila mahali, shuku nozeli inayovuja. Hapo kuna kazi ya spana. Ukiyafunika maradhi haya kwa kubadilisha ramani, yatarudi yakiwa makubwa zaidi.

Kwenye Subaru kuna namba mbili nyengine ambazo ningemfundisha mtu hata kama angejua hizo peke yake. Ya kwanza kwenye RomRaider ni masahihisho ya kugonga ya papo hapo: sensa ikisikia mbaazi, kompyuta inarudisha nyuma moto wa plagi, na wewe unaona minus 1.4 au minus 2.8. Ya pili ni IAM. Hii ni imani ya kompyuta juu ya petroli uliyotia. Gari za zamani zaidi huihesabu kutoka 0 hadi 16, za baadaye kutoka 0 hadi 1. Kompyuta inachukua taimingi ya msingi, yaani zile nyuzi za moto wa plagi, kisha inaongeza ramani ya pili ya nyongeza iliyozidishwa kwa IAM.

Yangu ilikuwa 0.56.

Tuifanyie hesabu, kwa sababu hapa ndipo nilipofumbuka macho. Katika chumba kimoja cha mizunguko 3,200 na mzigo mkubwa, msingi ulikuwa nyuzi 8 na nyongeza nyuzi 10. Kwa IAM ya 1 ningepata 18. Kwa 0.56 nilikuwa napata 13.6, na hata hapo minus 1.4 ilikuwa ikijitokeza mara moja moja. Injini ilikuwa inagonga katika vyumba vichache tu vya eneo lile. Lakini IAM haikati vyumba vile peke yake. Inakata jedwali zima. Kwenye mizunguko 2,000, mahali ambapo injini haikuwa na tatizo lolote na nyongeza ilikuwa nyuzi 12, nilikuwa napewa 6.7. Kilima cha Mkoani nilikuwa nakipanda kwa karibu nusu ya nyongeza yangu kwa sababu ya makosa ya vyumba vinane.

Chukua nakala ya asili kabla ya yote

Faili la asili la gari yako ndilo hati yako ya nyumba. Toa kwa EcuFlash, lihifadhi kwenye laptopu, kwenye kidude cha USB, na ujitumie kwa barua pepe. Lina namba yake ya utambulisho ndani, na faili la maelezo utakalolitumia kulifungua lazima liwe la namba ile ile. Usichukue faili la mtu mwengine ukalitia kwenye gari yako kwa sababu tu zote ni Forester.

Kwenye gari nyingi za fungu hili, kabla ya kutoa au kuandika unaunganisha vichwa viwili vya kijani vilivyojificha chini ya dashibodi upande wa dereva. Washa swichi bila stata na usishtuke: feni za rejeta zinawaka na kuzima, pampu ya mafuta inanguruma na kunyamaza, taa ya cheki injini inapepesa. Gari iko katika hali ya majaribio. Ukimaliza, vitenganishe.

Sasa lile la betri. Mara yangu ya tatu kuandika, laptopu yangu ilikuwa na betri iliyokufa, inaishi kwa umeme wa ukutani. Nilipitisha waya dirishani. Kazi ikiwa kati, umeme ukakatika mtaa mzima. Skrini ikazima, na ndani ya gari ikabaki kompyuta yenye nusu ya ramani mpya na nusu haina kitu. Haikuwaka tena. Nilitafuta kompyuta ya mtumba yenye namba ile ile, ikaja na boti baada ya siku tisa, na siku zote hizo wanangu walikwenda skuli kwa miguu.

Kwa hiyo: laptopu imejaa na imechomolewa ukutani. Betri ya gari imejaa, volti 12.6 ikiwa imepumzika, na chaja imeshikizwa ikiwa umeme upo. Redio, taa na feni ya ndani vimezimwa. Laptopu imekatazwa kulala. Watoto hawamo garini. Na ikitokea programu imesema imeshindwa katikati, usizime swichi wala usichomoe kitu. Jaribu kuandika tena hapo hapo, maana gari ikiwa bado ina umeme kuna nafasi ya kuiokoa.

Badiliko la kwanza

Anza na mafuta, kisha taimingi. Upepo wa tabo uache kabisa mwaka wa mwanzo. Watu wengi huniuliza kwanza kuhusu kuondoa kizuizi cha kilomita 180 kwa saa ambacho gari za Japani huja nacho. Pemba hatuna barabara ya mwendo huo, na ningependa sote tufike nyumbani.

Mafuta yanatangulia kwa sababu mchanganyiko mwepesi nao huleta kugonga. Kwenye faili langu, kompyuta ya Forester ilihifadhi masahihisho ya muda mrefu katika vipande vinne vya hewa: hadi gramu 5.6 kwa sekunde, hadi 10, hadi 40, na zaidi ya hapo. Kipande cha tatu kilisimama kwenye asilimia 8 juu, na nilishahakikisha hakuna hewa ya wizi. Basi nikafungua ramani ya sensa ya hewa, nikazidisha namba za eneo lile kwa 1.08, nikalainisha kingo ili zisikatike ghafla, nikaandika. Baada ya siku nne za kuendesha, masahihisho yakawa asilimia 1.

Ndipo nikaingia kwenye taimingi. Katika vyumba vile vinane nilipunguza nyongeza nyuzi 2, nikapima. Bado. Nyuzi 2 tena. Bado kidogo, siku za joto. Nikatoa 1 ya mwisho. Nyongeza ya chumba changu cha mfano ikawa 5, jumla 13, na hapo injini ikanyamaza. Kila ukiandika upya, IAM huanza tena katikati, 0.5 au 8, na inahitaji uendeshe kwa mzigo wa wastani ndipo ipande. Yangu ilipanda hadi 1 siku ya pili, njia ya kwenda Konde, na ikakaa. Jedwali zima likarudishiwa nguvu yake.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Kila faili lipe jina lenye tarehe. Ukibadilisha vitatu pamoja na gari ikaharibika, hutajua wa kulaumiwa ni yupi.

Kupima barabarani

Usipime peke yako. Mwenzio ashike laptopu, wewe shika usukani, na macho yako yasitoke barabarani hata mara moja. Mimi hutoka baada ya sala ya alfajiri, kabla watoto wa skuli hawajajaa njiani. Msimu wa karafuu siendi kabisa. Majamvi yameanikwa kando ya lami na watu wameinama wanazigeuza.

Kwa Forester ya gia za otomatiki, weka gia ya pili, anzia mizunguko 2,000 kwenye mpando, kanyaga polepole mpaka mwisho, achia ukifika 4,500. Hapo gari iko karibu kilomita 80 kwa saa, na kwa barabara zetu ndiyo kikomo changu. Mwenzio akiona masahihisho ya kugonga yamefika minus 2.8, au geji imepita 12 ukiwa umekanyaga tabo, aseme “achia” na wewe uachie bila kuuliza. Pumzisha injini dakika kadhaa, rudia mara mbili. Rekodi moja haitoshi kuamulia kitu. Kisha rudia siku nyengine saa nane mchana, jua likiwa limewaka, kwa sababu gari iliyonyamaza alfajiri inaweza kugonga mchana.

Mwenye gari isiyoandikika

Kuna njia ya kuiondoa kompyuta ya kiwandani na kutia nyengine iliyo wazi. Ya bei nafuu ni Speeduino, iliyojengwa juu ya kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho Arduino Mega 2560 na kupangwa kwa programu ya TunerStudio. Kwa Corolla ya zamani yenye gia za mkono ni somo zuri sana. Usiifanye kwenye Ist ya otomatiki: kompyuta ile ile ya injini ndiyo inayoendesha gia boksi, ukiitoa umebaki na gari isiyobadilisha gia. Na kama throto yako haivutwi kwa kebo, yaani ni ya umeme, Speeduino haiiendeshi.

Jambo la kwanza baada ya kufunga nyaya ni kuhakikisha taimingi ya kwenye skrini ndiyo iliyo kwenye kapi. Kwa 4A-FE, injini ya Corolla nyingi za zamani, kabla hujaitoa kompyuta ya zamani, unganisha TE1 na E1 injini ikiwa kwenye sailensa, mulika kwa taa ya taimingi, uone nyuzi 10 kabla ya juu. Ukishafunga mpya, iambie isimamishe 10 na uone alama ile ile. Ikikosea hapa, kila namba utakayoandika baadaye ni uongo.

Mafuta yanasahihishwa kwa hesabu ya darasa la sita. Geji imesoma 15.5 na ulitaka 14.7: gawa 15.5 kwa 14.7, unapata 1.054. Chumba kilikuwa na 52, zidisha, andika 54.8. Nenda chumba kinachofuata. Anza na namba za mafuta mazito kuliko unavyodhani inahitaji, kisha punguza. Kuanzia wepesi ni kuichoma injini ukiwa bado unajifunza.

Ukishaandika lolote, mimi huweka miadi mitatu kwenye daftari: baada ya siku 3, baada ya wiki 2, na kaskazi ikianza kuwaka. Siku hizo nachomeka waya, natazama masahihisho ya mafuta, natazama IAM, napima tena ethi kwa multimita. Mara ya mwisho, mwezi uliopita, IAM ilikuwa 1 na ethi 0.04. Kichwa cha waya kilikuwa kimeanza doa dogo la kijani. Nikakipiga msasa, nikapaka grisi, nikafunga boneti.